Padre Aitwe Mapema, Wala Dawa Isiachwe

Usiku wa manane mlango wa padre wagongwa. "Padre, njoo upesi, baba anakata roho!" Padre achukua Mafuta Matakatifu, afanya haraka, afika na kumkuta mgonjwa hasikii tena wala hasemi. Kumbe alilala kitandani miezi mitatu! Ukiuliza kwa nini hawakuita mapema, wajibu: "Tuliogopa kumtisha." Sisi mapadre tumeyaona hayo si mara moja, nayo yatusikitisha sana, kwa maana mgonjwa huyo alinyimwa na wapenzi wake msaada aliowekewa na Kristo.

Pengine jina la zamani, Mpako wa Mwisho, liliwaogofya wengi. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1963 kwamba yafaa zaidi kuuita Mpako wa Wagonjwa, kwa kuwa si sakramenti ya wanaokata roho peke yao. Wakati wake ni pale mtu aanzapo kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, aagiza kwamba aliye mgonjwa awaite wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Asema mgonjwa, hasemi maiti!

Je, twatazamia nini katika mpako huo? Mtaguso wa Trento ulieleza mwaka 1551: dhambi huondolewa, roho hutiwa nguvu, na pengine mwili nao hupona, ikiwa yafaa kwa wokovu wa mgonjwa. Basi kuomba uzima wa mwili si kosa hata kidogo. Kosa ni kumpangia Mungu siku na namna ya kujibu.

Lipo kosa la pili, nalo laua. Wako wasemao kwamba mwenye imani ya kweli hamezi vidonge. Tukumbuke mwaka 2011, maelfu ya watu walipofunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa. Wagonjwa wengine walitolewa hospitalini, na wengine wakafa njiani. Hata leo wako waambiwao katika mikutano ya maombi waache sindano za kisukari au dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Aliye na kifua kikuu hutakiwa kwa kawaida kumeza dawa miezi 6. Akiziacha katikati, ugonjwa waweza kumrudia ukiwa sugu, na kuwaambukiza watoto wake nyumbani. Je, hiyo ndiyo imani? La hasha! Hiyo ni kumjaribu Mungu.

Maandiko Matakatifu hayamdharau daktari. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atufundisha kumheshimu, maana Bwana ndiye aliyemwumba, naye ndiye atoaye dawa katika ardhi. Papo hapo amwonya mgonjwa asiache kusali. Mtume Paulo alikuwa na rafiki mpenzi, Luka, aliyekuwa tabibu. Naye Timoteo alishauriwa atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Sala na dawa si maadui, bali ni watumishi wawili wa Bwana mmoja.

Na asipopona mgonjwa, tuseme imani yake ilikuwa haba? Neno hilo ni katili, nalo si kweli. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, akajibiwa kwamba neema yamtosha. Huko Lourdes, Ufaransa, madaktari wamechunguza habari za waliopona tangu mwaka 1883. Kati ya maelfu waliosema wamepona, Kanisa lilikuwa limekiri miujiza 70 tu kufikia mwaka 2018. Hata Mtakatifu Bernadetta, aliyetokewa na Mama Maria mahali hapo mwaka 1858, aliishi na maradhi, akafa mwaka 1879 akiwa na umri wa miaka 35. Nani atathubutu kusema kwamba yeye hakuwa na imani?

Basi, enyi wazazi Wakristo, akiugua mtu wenu sana, mpelekeni hospitali bila kukawia, na siku zile zile mpelekeeni padre habari. Mwiteni mgonjwa angali aweza kuungama, kupokea Ekaristi na kuitikia "Amina" kwa kinywa chake. Tayarisheni meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Jamaa na majirani wapige magoti wasali pamoja naye. Padre akiisha kuondoka, mpeni dawa yake kwa saa iliyoagizwa, mkaendelee kusali.

Akipona, mshukuruni Mungu. Na akiitwa na Bwana, atakuwa amekwenda akiwa ameandaliwa, wala hamtakuwa na la kujilaumu.