Wiski ya Miaka 12 na Lutuku ya Jana



Siku moja ya kupima watoto kilo, mama mmoja alituletea mtoto wa miezi mitano. Mtoto alikuwa analala tu, na akiwekwa kwenye ziwa ananyonya kidogo, anaacha. Tulimpima malaria, hakuna. Homa pia hakuna. Tukamuuliza mama alikula nini na alikunywa nini jana yake. Akajibu bila haya: «Tulikuwa kwa ndoa mpaka usiku sana. Lakini mimi sikunywa lutuku, mama munganga. Nilikunywa wiski ya wakubwa, ile ya miaka kumi na mbili. Ile iko safi, haina maneno.»

Wamama wengine kwenye benchi wakatikisa kichwa kumkubali. Njo maana ninaandika somo hili.

Unajua vile inakuwa kwa ndoa. Kwenye meza ya wageni wakubwa, mmoja anainua chupa kwenye taa na kusifu rangi yake kama asali. Mwingine ananusa na kusema hii inapita ile ya mwaka jana. Wa tatu anasema konyaki njo ya wamama, kwa sababu haichomi koo. Wanalinganisha bei, jina na miaka. Hayo ni mazungumzo ya furaha, sikatazi. Lakini sisi wauguzi tunauliza swali lingine: ndani ya kikopo kuna alkoli kiasi gani?

Kwanza tujue miaka ile ni ya nini. Wiski ya Uskoti hutengenezwa kwa nafaka, zaidi shayiri. Nafaka huchachishwa, kisha hupikwa na mvuke wake hukusanywa. Mama, hii si kazi ngeni kwako. Lutuku yetu ya mahindi na mihogo hupita njia hiyohiyo. Siku wiski inapotoka mtamboni iko nyeupe kama maji, kama lutuku yenyewe! Kisha inawekwa ndani ya pipa la mti wa mwaloni. Sheria yao inadai ilale humo miaka 3 kwa uchache. Konyaki ya Ufaransa hutoka kwa divai ya zabibu, nayo hulala miaka 2 kwa uchache. Ile yenye alama XO hulala miaka 10, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2018.

Pipa linafanya kazi ya kweli. Mti unatoa rangi na harufu, unapunguza ukali wa koo. Kila mwaka sehemu ndogo, karibu asilimia 2, inapotea hewani, na watu wa Uskoti huita hilo fungu la malaika. Ndiyo sababu chupa ya zamani ina bei: imekaa, imepungua, imelindwa. Lakini rangi isikudanganye, kwa maana sheria inaruhusu kuongeza rangi ya sukari iliyounguzwa. Tena miaka inahesabiwa ndani ya pipa tu. Chupa ya miaka 12 iliyokaa miaka 20 katika kabati ya babu bado ni ya miaka 12.

Sasa sikiliza vizuri. Kabla ya kufunga chupa, kwa kawaida wanaongeza maji mpaka kipimo wanachotaka, mara nyingi asilimia 40. Yenye miaka 3, asilimia 40. Yenye miaka 12, ikiwa karatasi yake inaandika 40, ni asilimia 40 vilevile. Pipa halikuondoa alkoli. Lilifanya koo isilalamike, basi. Na mimi naona hapo njo hatari kwa mama: kitu kinachochoma unakinywa polepole, kitu laini unakiongeza bila kuhesabu. Mtu akichanganya na soda tamu, hata hajui tena amekunywa nini.

Tufanye hesabu pamoja. Chupa kubwa ya bia ya santilita 72, yenye asilimia 5, ina mililita 36 za alkoli. Kikopo kidogo cha wiski cha santilita 3 kina mililita 12. Kwa hiyo vikopo 3 vidogo ni sawa na chupa nzima ya bia. Na chupa moja ya wiski ya santilita 70 ni karibu chupa 8 kubwa za bia. Mama yule alipohesabu kwa vidole, alikuwa amekunywa vikopo vitano. Akasema, «Kumbe! Bia siwezi kumaliza hata moja.»

Mwili wa mwanamke una maji kidogo kuliko wa mwanaume, kwa hiyo kipimo kilekile kinapanda zaidi katika damu yake. Kutoka damu kinaingia katika maziwa, karibu kwa nguvu ileile ya damu. Mtoto mchanga ana ini changa, anachelewa kukisafisha. Analala vibaya, ananyonya kidogo. Wengine wanasema pombe inaongeza maziwa. Si kweli, inazuia maziwa kushuka.

Kukamua na kumwaga hakuharakishi kitu, kwa maana alkoli inatoka katika maziwa vile inavyotoka katika damu, kwa saa tu. Kwa kila kikopo kidogo uhesabu masaa 2 mpaka 3. Vikopo vitano ni usiku mzima na asubuhi. Kahawa na maji ya baridi havipunguzi saa hata moja. Kutokunywa ni bora. Lakini ikiwa unajua utakunywa, kamua maziwa kabla ya kutoka nyumbani, uyaweke katika kikombe safi chenye kifuniko, na bibi ampe mtoto kwa kijiko ndani ya masaa 4. Usimwachishe ziwa kwa ajili ya ndoa moja. Na usiku huo usilale naye kitanda kimoja. Mama aliyelewa hasikii mtoto anapobanwa.

Mwenye mimba hana hesabu hii. Kwake ni hapana, hata kikopo kimoja, hata konyaki ya XO. Mwaka 1968 munganga Mfaransa Paul Lemoine wa mji wa Nantes aliandika juu ya watoto wa mama wanywaji: wadogo, sura yao imebadilika, akili imechelewa. Ubongo ulioumizwa tumboni hauponywi na dawa. Na mwaka 1988 wakala wa kansa wa Shirika la Afya Duniani uliweka vinywaji vya alkoli kati ya vitu vinavyoleta kansa. Ya ziwa ni moja yao. Hawakutenga wiski na bia.

Je, lutuku basi ni sawa na wiski? Kwa alkoli, ndiyo, ila haina karatasi, hujui kama leo ni kali kuliko jana. Tena iko na hatari yake. Kama pipa la kupikia lilibeba mafuta ao dawa ya shamba, sumu inabaki. Na wauzaji wabaya huongeza alkoli ya kiwandani iitwayo metanoli, ile ya rangi na ya kusafishia. Hata chupa tupu za wiski hujazwa hivyo na kuuzwa sokoni, kwa hiyo uangalie kama kifuniko kimefunguliwa. Metanoli haijulikani kwa ulimi, wala kwa pua, wala kwa kuwasha moto. Mtu anaweza kulala vizuri, na kesho yake kichwa kinauma, anatapika, anapumua mbiombio, macho yanaona ukungu. Usiseme ni ulevi, utapita. Umlete hospitali saa ileile, maana kila saa inaweza kumnyima macho ao uhai.

Mtoto yule tulimwangalia mpaka mchana, tukampa maziwa ya mama mwenzake aliyekubali, kwa kijiko. Saa nane alilia kwa nguvu, na benchi lote likacheka.

Hapo bibi mmoja mzee akauliza: «Na konyaki kidogo kwa fizi, meno yakitoka?» Hapana, bibi. Alkoli inashusha sukari ya damu ya mtoto mdogo, na anaweza kupata degedege. Osha mikono yako kwa sabuni, umsugue fizi kwa kidole, ao umpe kitambaa safi kilicholowa maji ya baridi yaliyochemshwa.