Kabla mtoto wa paka hajavuka mlango wako

Mongbwalu ina dhahabu, na ina panya. Penye magunia ya mchele, maharagwe na unga wa muhogo wa kulisha wachimbaji, panya hawakosi, na penye panya paka hutafutwa. Daktari wa mifugo anawajibu wasomaji wa mji huo, ulio kilomita 80 hivi kutoka Bunia.

Daktari, kwenye kartiye yetu kuna mama anayeokota paka walioachwa na familia zilizokimbia vita. Mmoja amezaa, watoto wana wiki tano. Nimeomba mmoja, ananiambia nisubiri. Ananinyima?

Hakunyimi, ndugu yangu. Mtoto wa paka asitoke kwa mama yake kabla ya wiki nane, na akifika kumi ni bora zaidi. Ni kwa mama na nduguze anapojifunza kuuma bila kuumiza, kuficha kucha, na kufukia kinyesi. Anayetolewa mapema mara nyingi huwa mwoga, au huumauma mikono ya watu. Wewe nenda umtembelee, ukae chini, umwache akufuate mwenyewe.

Siku ya kuchagua, tazama macho na pua: viwe vikavu. Tenganisha manyoya ya kiunoni. Ukiona chembe nyeusi, zidondoshe kwenye karatasi iliyolowa maji. Zikitoa wekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto. Tumbo likiwa limevimba kuliko mwili, mara nyingi ni minyoo. Hayo yote yana dawa, usimkatae kwa ajili hiyo. Ila dawa ya viroboto iwe ya paka. Ya mbwa yenye permethrin humuua.

Mimi nina butiki, nataka paka wa kukamata panya tu. Nimlishe ya nini? Si atashiba na kulala?

Mlishe. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, na mwenye njaa atahamia kwa jirani mwenye mabaki. Mtoto wa miezi miwili hawezi panya mkubwa kabisa. Mpe nafasi akue. Na jambo ambalo wenye butiki wengi hawalifikirii: ondoa sumu ya panya kabla hujamleta. Panya aliyekula sumu hulegea, hukamatwa kirahisi, na paka anayemla hula sumu ile ile.

Nasikia paka anaweza kuleta tauni nyumbani. Ni kweli?

Ni kweli, na kwa mkoa wetu swali hili lina uzito. Ituri ni kati ya sehemu chache duniani ambako tauni bado inaua watu. Zoni ya afya ya Rethy imeizoea kwa miaka mingi. Kiroboto huutoa ugonjwa kwa panya. Paka akila panya mgonjwa au akiumwa na viroboto wa panya huyo, huugua vibaya, tofauti na mbwa, ambaye mara nyingi hupona. Paka mwenye homa, aliyevimba tezi chini ya taya, au anayekohoa, asipakatwe, asilale na watoto. Panya wakianza kufa ovyo mtaani, usiwashike kwa mikono mitupu. Toa habari kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mtu akipata homa na uvimbe kinenani au kwapani asingoje kesho: tauni hutibika kwa antibiotiki ikiwahiwa.

Hii si sababu ya kufukuza paka. Ni sababu ya kuua viroboto.

Anakula nini? Maziwa?

Maziwa ya ng'ombe humharisha. Mpe maji safi, na dagaa wa Ziwa Albert wanaotoka Kasenyi au Tchomia, wachemshwe bila chumvi, au utumbo wa kuku uliopikwa. Makayabu ina chumvi nyingi mno. Fufu peke yake haimkuzi. Na akiumwa, usimpe paracetamol, hata kipande. Ni sumu kwake.

Mume wangu huchomea dhahabu jikoni. Paka atadhurika?

Mama, kabla ya paka kuna watoto wako. Dhahabu ikichomwa, mvuke wa zebaki iliyochanganywa nayo hauonekani, huingia mapafuni na kuharibu ubongo, na wadogo ndio huumia zaidi. Kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, paka waliokula samaki wa ghuba walionekana wakitetemeka na kuanguka, na watu wakafuata. Uchomaji utoke jikoni, uende mbali na nyumba, na zebaki isiwekwe kamwe kwenye chombo cha chakula.

Paka akimkwaruza au kumuuma mtoto?

Osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha nenda kituo cha afya uulize chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishaanza karibu hauponi. Paka naye achanjwe akifika miezi mitatu.

Jike au dume?

Yeyote. Jike anaweza kubeba mimba akiwa na miezi minne tu, na mimba huchukua miezi miwili hivi, kwa hiyo panga mapema na daktari wa mifugo afungwe uzazi. Kusafiri hadi Bunia kwa ajili hiyo ni gharama, lakini watoto watano kila baada ya miezi michache ni gharama zaidi. Na ukishindwa kumtunza, usimtupe sokoni usiku. Mrudishe kwa mama aliyekupa.