Babu Hakutuachia Ng'ombe: Somo kutoka kwa Mtumishi Aliyestaafu



Novemba ni mwezi ambao Mama Kanisa anatualika kuwaombea marehemu wetu. Mwaka huu kuna mtu mmoja ambaye nikimwombea naona aibu. Aibu yenyewe si yake, ni yangu. Naomba niwashirikishe, maana naamini siko peke yangu.

Swali nililomuuliza

Babu yangu mzaa baba alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo wilayani Tarime kwa miaka 31. Alipostaafu alivuka Mto Mara, akarudi upande wa Serengeti, kijijini alikozaliwa. Alirudi na baiskeli, masanduku mawili, na kiinua mgongo kilichoishia kwenye mabati na ada za watoto.

Sasa kwetu huku mtu anahesabiwa kwa ng'ombe. Mwenye zizi kubwa ndiye anayesikilizwa kwenye kikao, na ndiye anayeozesha wanawe bila kuhangaika. Zizi la babu lilikuwa na ng'ombe watatu tu, na mmoja alikuwa wa jirani.

Nilipomaliza kidato cha sita nikawa nyumbani nasubiri majibu ya mkopo wa chuo. Jioni moja, kwa ujeuri wa kijana, nikamwambia: "Babu, miaka yote ile serikalini, kesi za ng'ombe za watu zote zimepita mkononi kwako. Sisi tuna nini?"

Alinyamaza. Kisha akaniuliza, "Umekula, mjukuu wangu?"

Nikajibu nimekula.

"Basi," akasema, akaingia ndani.

Hatukuzungumza tena habari hiyo. Alifariki kabla sijarudi likizo ya kwanza. Sikumwomba msamaha.

Niliyoyasikia msibani

Msibani alifika mama mmoja kwa bodaboda kutoka upande wa Tarime. Hakuna aliyemjua. Aliomba dakika mbili za kusema. Alisema zamani baba yake aliporwa ng'ombe, akafungua kesi. Aliyeshtakiwa alipeleka mtamba usiku nyumbani kwa karani ili faili lipotee. Asubuhi yake karani alimswaga yule mtamba mwenyewe, akapita naye katikati ya gulio watu wote wakiona, akamrudisha kwa mwenyewe. Faili halikupotea. "Ng'ombe wetu walirudi," alisema yule mama, "na ndio waliouzwa nikasomeshwa. Mimi leo ni nesi."

Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa. Nikainamisha kichwa.

Usiku shangazi mkubwa akatusimulia jambo lingine. Msimu wa tohara ulipofika, Desemba, wazee wa ukoo walikuja kumdai babu binti zake. Alikataa. Sheria ya mwaka 1998 ilikuwa bado haijatungwa, kwa hiyo hakuwa na karatasi ya kujikingia. Walimwambia mabinti zake hawataolewa. Bibi alisemwa mpaka mtoni anapochota maji. Shangazi zangu watatu hawakukeketwa, na wote wameolewa. Baada ya kustaafu, Desemba nyingine mabinti wawili wa majirani walilala nyumbani kwake mwezi mzima.

Ndiyo majibu ya swali langu. Alikuwa nayo siku zote, ila hakuona sababu ya kujisifu mbele ya mjukuu.

Jirani yetu wa Butiama

Ukitaka kuelewa utumishi wa namna hii hapa Mara, huhitaji kwenda mbali. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Alibatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka 21. Mke wake, Mama Maria, ni mzaliwa wa Baraki, sehemu iliyokuwa Tarime kabla Rorya haijawa wilaya. Walifunga ndoa Januari 1953.

Mwaka 1955 Mwalimu aliacha kazi ya ualimu Pugu kwa ajili ya TANU. Fikiria: mwanaume mwenye mke na watoto wadogo anaacha mshahara wa uhakika! Mama Maria alisaidia kuibeba familia kwa duka dogo. Kwa hiyo tunapomsifu mtumishi, tusimsahau aliyebaki nyumbani akihesabu senti.

Oktoba 1966, akiwa Rais, alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha likawazuia viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Mwaka 1985 aliachia urais akiwa na miaka 63. Makao yake yakawa Butiama, akalima, akasali, akaendelea kutumwa: kuanzia 1996 alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, na mauti yalimkuta akiwa bado na kazi hiyo, tarehe 14 Oktoba 1999. Kaburi lake liko Mwitongo, Butiama.

Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wake mwaka 2005, ndiyo maana anaitwa Mtumishi wa Mungu. Tuwe waangalifu hapa: hiyo haina maana kwamba Kanisa limekwisha kumtangaza mtakatifu. Na kusema kweli, wapo wazee wetu wanaokumbuka kwa uchungu jinsi watu walivyohamishwa kwa nguvu wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970. Kumpenda mtu siyo kufuta makosa yake. Ndiyo sababu tunawaombea hata watu wema.

Mambo matatu ya kujifunza

1. *Mtumishi hadai kusifiwa.* Soma Luka 17:7-10. Yesu anasema tukishafanya yote tuliyoagizwa, tukiri kwamba tumetimiza wajibu tu. Babu alirudisha mtamba akaenda kazini kama kawaida.

2. *Kustaafu siyo kustaafu upendo.* Ofisi ina tarehe ya mwisho, ubatizo hauna. Mwangalie mstaafu wa jumuiya yako ndogo ndogo: nani anaandika barua za watu, nani anapatanisha ndugu waliogombania mpaka wa shamba?

3. *Urithi mwingine uko kwa watu wengine.* Mimi nilitafuta urithi zizini, kumbe ulikuwa umevaa sare ya nesi ng'ambo ya mto. Wewe unayeanza kazi leo, ukipewa "kitu kidogo" ili faili lipotee, kumbuka upande wa pili wa faili kuna mtoto anayesubiri ada.

Tufanye nini wiki hii?

Kama mzee wako yu hai, nenda kamwulize kazi yake ilikuwaje, umsikilize mpaka amalize. Usiulize alipata nini. Kama uliwahi kumjibu vibaya, mwombe msamaha leo, usingoje likizo. Kama ameshatangulia, mtolee nia ya Misa. 2 Makabayo 12 inatufundisha kuwa ni jambo jema kuwaombea wafu. Mimi nimefanya hivyo, na nimeungama. Padri alinipa malipizi mepesi, halafu akaniambia nikamtembelee bibi kila nikirudi likizo.

Maswali ya kutafakari

- Ni nani aliyelipa gharama ili mimi nisome, nami sijamshukuru?
- Je, mila gani ya kwetu naiogopa kuikataa kwa sababu ya maneno ya watu?
- Nikistaafu, nani atapanda bodaboda kuja kusema dakika mbili?

Tusali

Ee Mungu Baba, tunakushukuru kwa wazee wetu waliotumikia kwa mikono safi. Wasamehe makosa yao, uwapokee kwenye mwanga wako. Utusamehe sisi tuliowapima kwa mali. Utupe ujasiri wa kurudisha mtamba mchana kweupe. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Raha ya milele uwape, ee Bwana.