Somo la mwezi: Walimu waliokuja wakati wengine wanakimbia

Fungueni kwanza Waebrania 13:2, juu ya kupokea wageni, halafu tuendelee.

1. Mambo yaliyotokea. Nchi yetu ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku chache nyuma yake askari wa Force publique waliasi, na tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga. Wabelgiji wengi walikimbia, na walimu wengi wa sekondari walikuwa kati yao. Madarasa yalibaki, wanafunzi walibaki, lakini mwalimu hakuna. Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu walikuwa wa kuhesabu, maana Lovanium ilifunguliwa 1954 tu.

2. Waliokuja. ONU na Unesco walitafuta walimu katika nchi nyingine. Wengi walitoka Haiti. Walijua Kifaransa, na walikuwa watu weusi kama sisi: wengi wa mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka pwani ya Kongo.

3. Kwa nini walikubali? Tusidanganyane, haikuwa huruma peke yake. Kule kwao Duvalier alishika utawala tangu 1957, na watu wenye elimu walikuwa na woga. Hapa walipata kazi na mshahara. Wengine watasema: basi hawakujitolea. Mimi nasema hapana. Mtu anaweza kuwa na shida yake na bado akamsaidia mwenzake. Kusimama mbele ya ubao katika nchi ya mbali yenye fujo, ile si kitu kidogo.

4. Fundisho. Mgeni anaziba pengo, lakini hawezi kukaa ndani yake siku zote. Ndiyo maana mwaka 1961 IPN ilianzishwa kule Léopoldville (leo Kinshasa) kwa kutayarisha walimu Wakongo. Leo inaitwa Université Pédagogique Nationale. Lakini sisi wa mwaka wa mwisho, mtu akisema anataka kuwa mwalimu, tunamcheka: «Utakula chaki?» Mimi pia nilicheka. Sasa nimeacha. Kama sisi wote tunakimbia ubao, fujo ikirudi tutamwita nani tena kutoka ng'ambo?

Maswali ya kuzungumza:
a) Mwenye kulipwa anaweza kuitwa mwenye kujitolea?
b) Nani kati yetu yuko tayari kufundisha? Aseme bila haya.

Mkubwa wa wanafunzi