Mara Mbili, Maradufu na Rudufu: Maana na Matumizi ya Neno 'Double' katika Kiswahili, kwa Mifano kutoka Ufipa

Neno la Kiingereza double hufasiriwa kwa Kiswahili kwa maneno kadhaa ambayo watumiaji wengi huyachukua kuwa ni visawe. Makala haya yanachunguza matatu kati yake, yaani mara mbili, maradufu na rudufu, na kuonyesha kuwa kila moja lina mipaka yake. Mifano imechukuliwa katika mazingira ya Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ambako kilimo na biashara ya mahindi hufanya suala la kiasi kuwa jambo la kila siku.

Kimsingi, nomino mara huhesabu matukio. Wafua chuma wa Ufipa wa zamani waliyeyusha chuma mara mbili: kwanza katika tanuri refu la udongo liitwalo ilungu, kisha katika tanuri dogo, kintengwe, ili kukisafisha. Sentensi hii haina utata, kwani hapana anayedhani kuwa chuma kiliongezeka. Bila shaka kilipungua, kwa kuwa taka ziliondolewa. Kilichohesabiwa ni kazi.

Utata huzuka pale mara mbili inapoambatana na kitenzi cha kuongezeka. Tuchukue mfano wa gunia la mahindi lililouzwa shilingi 40,000, kisha ikasemwa kuwa bei yake "imeongezeka mara mbili". Msikilizaji wa kwanza ataelewa kuwa bei sasa ni shilingi 80,000. Wa pili ataelewa kuwa bei ilipanda, ikatulia, ikapanda tena, pengine kwa shilingi 1,000 tu kila mara. Wa tatu, aliyezoea hesabu za darasani, atasema nyongeza yenyewe ni mara mbili ya bei ya awali, hivyo gunia ni shilingi 120,000. Sokoni, ambapo muuzaji na mnunuzi wanatazamana, tofauti hizi huondolewa kwa swali moja. Katika mkataba wa maandishi hakuna wa kuulizwa, na mkulima ndiye anayebeba hasara. Kuandika "bei imekuwa mara mbili ya bei ya awali" kunatosha kuondoa shaka, na kutaja shilingi zenyewe ni bora zaidi. Kauli "bei imeshuka mara mbili", inayokusudiwa kumaanisha kuwa bei imebaki nusu, haina utetezi wowote; Kiswahili kina neno nusu.

Maradufu lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye dhana ya kitu kufuatana na kingine au kupandana nacho. Ndiyo maana limetumika pia kuitia jina nguo nzito ya pamba. Kwa kuwa halihesabu matukio, "mavuno yameongezeka maradufu" haiwezi kumaanisha kuwa yaliongezeka katika misimu miwili. Hiyo ni faida kubwa. Hata hivyo, matumizi yamelilegeza: "furaha maradufu" ni furaha nyingi tu, wala hapana aliyeipima. Mwandishi wa taarifa ya mavuno anayetaka maradufu lisomwe kama kipimo hana budi kuweka tarakimu kando yake.

Rudufu ni la mzizi huohuo. Kando yake kuna durufu, ambamo konsonanti mbili za mwanzo zimebadilishana nafasi, na mabadiliko hayo ya sauti yamekwenda pamoja na mgawanyo wa maana. Kurudufu ni kufanya kitu kiwe mara mbili ya kilivyokuwa. Kudurufu ni kutoa nakala, hata zikiwa mia. Mashine ya kudurufu iliyotoa mitihani ya shule haikuitwa kwa hesabu ya mbili.

Inafaa kuongeza kuwa uradidi, yaani kurudiwa kwa neno lenyewe, hauleti maana hii hata kidogo. Wanunuzi watano waliopewa magunia "mawili mawili" wamepata magunia kumi, mawili kwa kila mmoja; si manne manne. Neno limerudufiwa, lakini fungu la kila mtu limebaki palepale. Mgeni wa lugha hukosea hapa mara kwa mara, na mara kwa mara nayo, kama ionekanavyo, haina maana ya mara mbili.