Mafuta ya Lavenda na Maradhi ya Akili: Mfamasia Anajibu

Duka la vipodozi mtaani kwetu linauza kichupa cha mafuta ya lavenda. Muuzaji anasema yanatibu wasiwasi na sonona. Ni kweli?

Ukweli upo, ila haumo kwenye kichupa hicho. Mafuta yaliyopimwa vizuri zaidi ni Silexan, ya kampuni ya Schwabe ya Ujerumani. Hayo hayanuswi wala hayapakwi. Humezwa, kapsuli moja ya miligramu 80 kwa siku. Mwaka 2014 Siegfried Kasper na wenzake walichapisha jaribio la watu 539 wenye ugonjwa wa wasiwasi. Kwa wiki 10 wengine walimeza Silexan, wengine dawa ya paroksetini, na wengine kapsuli isiyo na dawa. Waliopewa lavenda walipata nafuu kuliko waliopewa kapsuli tupu. Jaribio jingine la mwaka 2010 lililinganisha Silexan na dawa ya lorazepamu ya nusu miligramu, na matokeo yakakaribiana. Nusu miligramu ni kidogo, kwa hiyo ushindi huo mimi nisingeupigia vigelegele. Isitoshe, tafiti nyingi zimegharamiwa na mtengenezaji mwenyewe, na mgonjwa anayecheua harufu ya lavenda huwa ameshajua amepewa nini.

Kwa sonona, ushahidi ni mchache zaidi.

Yanafanyaje kazi mwilini?

Kiungo kikuu ni linaluli. Katika maabara imeonekana kwamba mafuta haya hupunguza kalsiamu inayoingia kwenye seli za neva, na seli zilizochachamaa zikatulia.

Na kunusa tu, hakusaidii?

Kunaburudisha, na kuburudika si jambo dogo. Lakini si tiba. Mafuta ya mmea mwingine, melisa, yaliwahi kuleta matumaini makubwa: mwaka 2002 nchini Uingereza, wazee wenye ugonjwa wa kusahau walipopakwa, fujo zao zilipungua. Jaribio lililochapishwa 2011, lililopangwa kwa umakini zaidi, halikuona tofauti na mafuta ya kawaida.

Shikamoo. Sisi tuko Pemba, mafuta ya makonyo ya karafuu tunayo. Nikimeza matone machache nipate usingizi?

Marahaba. Hapana, usimeze. Yamejaa yujenoli, ile inayotia ganzi jino linapouma. Kuna watoto waliokunywa mafuta ya karafuu wakapoteza fahamu na ini likaharibika. Mafuta ya mkaratusi na ya kafuri ni hatari zaidi, maana huleta degedege. Mwaka 1934 mjini Budapest, daktari Ladislas Meduna aliwachoma wagonjwa wa skizofrenia sindano za kafuri akikusudia hasa wapate degedege, akiamini itawaponya. Wewe unayamezea nyumbani, bila daktari wala kipimo? Yafungeni kabatini, mbali na watoto.

Mdogo wangu anasikia sauti zisizokuwepo. Mama anataka tumfukizie udi na mafuta badala ya sindano ya kila mwezi.

Hilo "badala" ndilo linalonitisha. Mkitaka kufukiza, fukizeni, mradi hana pumu na moshi haujai chumbani. Sindano asikose. Hakuna mafuta ya mmea yaliyothibitika kuzima sauti hizo, na anayekatisha dawa mara nyingi huzidiwa tena ndani ya miezi michache. Mama aje naye kliniki, amwambie muuguzi kinachomsumbua kuhusu sindano. Ikiwa mikono inatetemeka au mwili unakakamaa, dozi inaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa. Akitaja kujiua, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.