Wageni wa Mtoni Wakati wa Kaskazi

Mwezi wa Desemba, upepo wa kaskazi ukiwa umekwisha kushika, mtu akitembea asubuhi kandokando ya mto Pangani, upande wa Korogwe, ataona ndege wa namna mbili: wenyeji na wageni. Mdiria aliyetua juu ya matete ni mwenyeji, na kwazi aliaye juu ya mti ni mwenyeji. Mwaka mzima wapo. Lakini yule mdogo mwenye mgongo wa rangi ya udongo na tumbo jeupe, aendaye mchangani akitikisatikisa mkia, pamoja na mbayuwayu wa koo la rangi ya kutu warukao chinichini juu ya maji, hao ni wageni waliotoka Ulaya na Asia.

Wakati huohuo Ulaya ni majira ya baridi. Atembeaye kando ya mto wa huko, tuseme Thames wa Uingereza, kwa kawaida hamwoni mbayuwayu. Wadudu warukao wamekwisha, naye hana chakula kingine. Basi si baridi yenyewe hasa imfukuzayo, ila njaa. Watu wa Ulaya wa zamani, hata wenye elimu, walisadiki ya kuwa mbayuwayu hulala topeni chini ya maji mpaka joto lirudi. Wasomaji wasicheke, maana ni wangapi kwetu waliopata kujiuliza ndege hawa huenda wapi ifikapo Mei?

Ushahidi mmoja ulitoka Afrika. Mwaka 1822, karibu na Klütz, Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe mwenye mkuki wa Kiafrika uliompenya shingoni. Alikuwa ameruka nao njia yote. Alikaushwa, naye yumo hata leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kisha mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, akaanza kuwavika ndege pete za alumini zenye nambari. Mbayuwayu aliyevikwa pete Staffordshire, Uingereza, mwezi wa Mei 1911, alikamatwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Ni mwendo wa kilometa zipatazo 10,000, na uzito wa ndege huyo ni kama gramu 20 tu!

Twawaomba walimu wawaeleze vijana wenye manati. Korongo mweupe hula nzige na viwavijeshi, na mbayuwayu hula wadudu mchana kutwa; amwuaye ajua hasara ni ya shamba la nani. Tena pete ikifanywa urembo wa mtoto, habari zake zimepotea. Mkimwokota ndege aliyekufa mwenye pete, andikeni nambari, mahali na tarehe, mkapeleke habari kwa anwani iliyochorwa juu yake. Akiwa hai, msiivue pete. Nakilini maandishi, mkamwache aende zake, kwa kuwa mwezi wa Machi au Aprili safari ya kurudi yamngoja.